Spika mbili za inchi 12, zote wati 500: kwa nini moja iungue mapema?

Ndugu, usiamini namba iliyobandikwa nyuma ya sumaku. Wati 500 za kilele (za mara moja, kufumba na kufumbua) na wati 500 za mfululizo (za muda mrefu) ni vitu viwili tofauti. Kipimo cha AES, chama cha wahandisi wa sauti, cha mwaka 1984, kwa mfano, kinataka spika ihimili kelele ya majaribio kwa saa 2 bila kuharibika. Stika inachapwa popote.

Tofauti kubwa iko kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni, na gundi yake. Umeme mwingi unaoingia kwenye spika hugeuka joto. Sauti ni asilimia chache tu. Koili yenye kipenyo kikubwa, iliyozungushwa juu ya Kaptoni (plastiki inayostahimili joto) au nyuzi za kioo, hustahimili. Ile nyembamba ya gundi hafifu ikipata moto, gundi inalainika, waya unaachia na kuanza kukwaruza chuma cha sumaku. Hapo hata amplifaya nzuri haisaidii.

Dukani, sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote sawasawa. Ikikwaruza, iache. Pima ukinzani (omu) kwa mita pia: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi. Ikisoma 3 na kitu, hiyo ni ya omu 4, muuzaji aseme atakalo.

Ukubwa wa sumaku usikubabaishe, sumaku ndogo ya neodimiamu inaweza kuishinda nzito ya feraiti. Ila kwa nyumbani, Tanga au Mombasa, mimi ningechukua yenye ukingo wa mpira kuzunguka koni, si wa sponji. Sponji huoza kwa unyevu hata spika ikiwa imekaa tu kabatini.