Maswali yenu: Kupiga chabo besiboli bila kukimbizwa na askari

Anko, nahamia California kwa masomo. Nasikia San Francisco kuna uwanja wa besiboli ambao watu wanatazama mechi bure. Kweli au porojo?

Kweli, mwanangu. Uwanja ni Oracle Park, nyumbani kwa timu ya Giants, ulifunguliwa mwaka 2000. Nyuma ya ukuta wa upande wa kulia kuna njia ya waenda kwa miguu, imebanwa kati ya uwanja na maji ya ghuba. Ukutani kuna matao yaliyowekwa wavu. Unasimama hapo, macho yako usawa wa nyasi, mgongo wa mchezaji anayelinda upande wa kulia uko mbele yako, na hakuna anayekuuliza tiketi. Chabo tuliyopiga utotoni juu ya miembe, wenzetu wameitengea mahali.

Kasoro ni mbili. Mchezaji anayepiga mpira yuko zaidi ya mita 90 kutoka ulipo, kwa hiyo darubini si anasa. Na watu wakiwa wengi unatazama vipindi 3 kati ya 9, kisha unapisha foleni.

Klabu inapata nini? Si wanapoteza viingilio?

Kwanza, ardhi ile ni ya bandari ya San Francisco, Giants wamepanga tu. Njia ya ufukweni ni ya umma. Lakini wangeweza kujenga ukuta usio na tundu hata moja, na ndiyo maana nawavulia kofia.

Wengine walifanya kinyume. Philadelphia, enzi za uwanja wa Shibe Park, wenye nyumba za mtaa wa 20 walipanga mabenchi juu ya mapaa yao na kuuza nafasi. Mwaka 1935 klabu ya Athletics ikaongeza urefu wa ukuta kwa mabati hadi paa zisione kitu. Watu waliuita ukuta wa kijicho. Chicago, jirani na uwanja wa Wrigley Field, biashara ya mapaa ilikua mpaka klabu ya Cubs ikaenda mahakamani mwaka 2002. Mwaka 2004 wakaelewana: wenye mapaa wakakubali kutoa asilimia 17 ya mapato kwa klabu. Kwa hiyo paa la jirani lilianza kama chabo, likaishia kuwa duka.

Mpira ukiruka ukuta nikaudaka, ni wangu?

Wako. Ila mingine itakupita kichwani na kutumbukia majini, kwenye ghuba ndogo ya McCovey Cove, ambako watu wanaisubiri ndani ya mitumbwi. Ukuta wenyewe una futi 24, kama mita 7 na kidogo, kwa heshima ya Willie Mays, nyota wa zamani wa Giants aliyevaa jezi namba 24. Barry Bonds, mchezaji wa Giants, ndiye wa kwanza kufikisha mpira majini kwenye mechi ya ligi, tarehe 1 Mei 2000, na aliendelea hadi kufikisha 35. Wale wa mitumbwini nao hawalipi, na mchezo hawauoni! Mashabiki wa kweli hao, au wavuvi, sijaamua.

Kwetu tunasubiri kufungulia mbwa dakika za mwisho tuingie bure. Huko je?

Usitegemee. Besiboli haina dakika 90, kwa hiyo hakuna anayejua dakika za mwisho ni zipi. Mchezo unaisha vipindi vikikamilika, na timu zikiwa sare vinaongezwa.

Watoto wanaruhusiwa pale kwenye matao?

Ndiyo, na ni desturi ya zamani. Kuta za viwanja zilikuwa za mbao. Kifundo cha ubao kikidondoka kinaacha tundu, na mtoto anaweka jicho. Klabu ya St. Louis Cardinals ilianza mwaka 1917 mpango wa kuwaingiza watoto bure, ukapewa jina la tundu hilohilo.

Nivae nini?

Koti. Hata Julai, ambayo kule ni majira ya joto.