Fundi wa Tovuti: Maswali Yenu

SWALI: Nimejenga mfumo wa stoo na mauzo wa duka la vipuri Kariakoo kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Wauzaji wanatumia simu za bei nafuu na bando la kupima, na ukurasa wa kwanza unachelewa mno. Nihamie fremuweki gani nyepesi? Tena, mtu akirifreshi akiwa kwenye /bidhaa/12, anapata 404 (ukurasa haupatikani).
Msomaji, Ilala

JIBU: Usihame kabla hujapima. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua zana za wasanifu, ingia Network, zima kashe, shusha kasi iwe ya 3G, kisha rifreshi na upange faili kwa ukubwa. React 18 pamoja na react-dom, zikishabanwa, ni kilobaiti 40 na ushei. Picha moja ya bearing iliyopigwa kwa simu na kupandishwa ilivyo inafika megabaiti 2 au 3. Maktaba ya tarehe kama Moment.js, ukiibeba na lugha zake zote, inaizidi React yenyewe.

Hata hivyo, kilobaiti ya JavaScript si sawa na ya picha. Ikishashuka, simu inapaswa kuisoma na kuiendesha, na prosesa dhaifu hukwama hapo. Kwa hiyo ukishapunguza picha, jaribu Preact, mbadala mwepesi wa React, yenye kilobaiti kama 4. Ukiwa unatumia Vite (zana ya kufungasha msimbo), ondoa plagini ya React uweke @preact/preset-vite. Yenyewe inaelekeza react kwenye preact/compat, sehemu ya Preact inayoiga React, na msimbo wako unabaki karibu wote. Kinachosumbua ni maktaba zinazochokonoa undani wa React, kwa hiyo anza kujaribu skrini zinazozitumia. Kuandika upya kwa Svelte, fremuweki nyingine, mfumo ambao tayari unauza, hatukushauri.

Hiyo 404 haitokani na fremuweki. Ukibofya ndani ya mfumo, JavaScript ndiyo inayobadilisha anwani. Ukirifreshi, seva inatafuta faili la /bidhaa/12 na halipo. Kama seva yako ni Apache, weka mstari huu ndani ya faili lake la mipangilio, .htaccess:

FallbackResource /index.html

Kama seva ni Nginx, weka kwenye mipangilio yake: try_files $uri /index.html;

Ukiona sasa ukurasa mweupe na kosa la "Unexpected token '<'", angalia src (anwani ya faili) ya skripti. Ukiandika app.js bila mkwaju (/) mbele, kivinjari kinaitafuta /bidhaa/app.js, na seva inakirudishia HTML badala ya msimbo.

SWALI: Natumia Mithril, fremuweki ndogo ya JavaScript. Data inafika, naiona kwenye konsoli, lakini orodha haibadiliki mpaka niguse kitufe.
Msomaji, Mbagala

JIBU: Bila shaka unavuta data kwa fetch, amri ya kivinjari yenyewe, si ya Mithril. Mithril huchora upya yenyewe baada ya tukio (kama kubofya) ulilolifunga ndani ya m(), amri yake ya kuchora, au m.request, amri yake ya kuvuta data, ikikamilika. Fetch na setTimeout haizioni. Tumia m.request, au ita m.redraw(), yaani chora upya, mara tu unapohifadhi data. Kitufe chako kilikuwa kinaifanya kazi hiyo bila wewe kujua.