Nyanya zinanyauka kila msimu: nimwage dawa kwenye udongo?

Dada, umesema nyanya zako zinanyauka zikiwa bado kijani, msimu wa tatu sasa, na muuza pembejeo anakushauri umwage dawa ya ukungu. Usinunue kwanza. Kata shina la mche ulionyauka, sehemu ya chini, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haiui bakteria. Pesa yako itaishia udongoni.

Dawa za kufukiza udongo zipo, ila ni sumu kali. Bustani ya nyumbani yenye watoto na kuku siyo mahali pake, mimi nisingethubutu.

Ng'oa mche mgonjwa na mizizi yake, uchome, usiutupe kwenye mboji. Maji yasitiririke kutoka tuta hilo kwenda jingine. Halafu kwa miaka mitatu au zaidi panda hapo mahindi, maharage au vitunguu, siyo viazi mviringo, biringanya, pilipili wala nyanya chungu. Hata mnavu uondoe, ni ukoo uleule. Ukitamani nyanya sana, zipande kwenye ndoo zenye udongo wa kutoka kwingine.