Mbwa aitwe Chausiku?

SWALI: Tumepata mbwa jike mweusi tii, wa miezi mitatu. Tunataka kumwita Chausiku, jina la kizamani, ila wengine wanasema ni refu, hatalishika. Paka wetu Pusi, wa miaka minne, naye tungependa awe Kibibi. Je, amechelewa?

JIBU: Kulishika atalishika. Shida ya silabi nne iko kwenu: mkiwa na haraka huyu ataita "Chau", yule "Siku", na mbwa ataishia na majina matatu asiyojua hata moja. Likateni mapema, mkubaliane. Sisi tungechukua Chau. "Siku" mnaitaja kutwa, siku hizi, siku moja, na mbwa anayesikia jina lake bila kuitwa huacha kugeuka. Chau nayo inakaribiana na "chukua", kwa hiyo mkimfundisha kuokota mpira semeni "lete".

Andaeni vipande 10 vya nyama, kila kimoja kama punje ya mahindi. Subiri atazame pengine, ita mara moja kwa sauti ya kawaida, na akigeuka tu mpe. Ukikawia hata sekunde chache atakuwa ameshakurukia, naye atadhani nyama ni ya kuruka. Asipogeuka usirudierudie jina. Sogea karibu, gonga sakafu, kisha anza upya. Dakika mbili, mara tatu kwa siku, zinatosha. Na msimgombeze kwa jina hilo. Akikojoa zuliani mkafoka "Chau!", kesho mkimwita ataingia uvunguni.

Pusi hajachelewa. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa paka hutofautisha majina yao na maneno mengine ya urefu uleule. (Kuitika ni habari nyingine, wenye paka wanajua.) Kila mnapompa chakula, tangulizeni jina jipya: "Kibibi, Pusi." Wengi huanza na la zamani; paka anageuka palepale na jipya linapita bure. Baada ya wiki mbili hivi, liacheni la zamani.

Kabla ya yote, simameni mlangoni mkaite yote mawili kwa sauti kubwa. Majina ya kizamani yana wenyewe, na kama jirani kuna bibi aitwaye Chausiku, tafuteni jingine kabla hajaitika yeye.