Kutunga shanga kwa oda: kipimo, rangi na bei ya ushkaji

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: kwa nini bangili unazowatungia mashoga zako zinarudi zimebana au zimekatika, na utaanzaje kuwatoza hela watu uliozoea kuwapa bure. Natunga shanga hapa Arusha, huu ni mwaka wa tisa, na nilianzia sebuleni kama wewe. Nianze na kipimo, maana ndiko nilikoharibu kazi nyingi zaidi.

Oda yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa bangili ya shanga nene za mawe, za milimita 10. Mteja alinitumia kipimo cha mkono kwa meseji: sentimita 16. Nikaongeza moja ya kupumulia, nikatunga 17. Alipoivaa, ikamkaba mpaka ikamwachia alama. Nikadhani kapima vibaya, nikamfuata na futi ya fundi cherehani. Mkono ulikuwa 16 kamili. Kosa lilikuwa langu. Ukizungusha shanga nene, nusu ya unene wake inaingia ndani ya duara na kula nafasi ya mkono. Hesabu yake ni unene wa ushanga mara 3.14. Kwa shanga za milimita 10 unapoteza kama sentimita 3, kwa hiyo ile 17 yangu ilibaki na uwazi wa chini ya 14! Mkono wa 16 ulitaka shanga 20: sentimita 16 za mkono, 3 zinazoliwa na 1 ya kupumulia, na kila ushanga ni sentimita moja. Shanga ndogo za milimita 2 zinakula milimita 6 tu, ndiyo maana anayetunga nyembamba peke yake halioni tatizo hili. Kumbuka pia kwamba kwenye shanga ndogo namba ikipanda ukubwa unashuka: namba 8 ni kama milimita 3, namba 11 ni kama 2.

Siku hizi sipokei kipimo cha meseji kama naweza kumwona mtu. Kwa shanga za kiunoni namfunga mteja uzi wa pamba, namwambia akae, ainame, apumue, ndipo natia alama. Akipimwa amesimama, tena asubuhi kabla ya kula, utunda utambana jioni. Uzi ule naubandika kwenye daftari, naandika jina, tarehe na aina ya shanga. Akirudi baada ya mwaka najua pa kuanzia.

Za kukatika, mara nyingi chanzo ni lastiki. Ivute kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kutunga, la sivyo italegea ikishavaliwa na mapengo yataonekana. Na kila ushanga upitishie uzi wa majaribio kwanza. Tundu likikwaruza, uweke pembeni, kwa sababu makali yale ndiyo yanayoikata lastiki polepole mkononi mwa mtu.

Sasa rangi. Hili bado linaniuma. Nilimtungia binti mmoja kidani cha sendofu, safu tano, nyeupe na pinki, avae juu ya gauni la krimu. Zile pinki nilizinunua kwa bei nafuu, zinang'aa vizuri. Alicheza, akatoka jasho, na kabla ya keki shingo ya gauni ilikuwa na mstari wa pinki. Nilimrudishia hela yote na kulipeleka gauni kwa dobi, lakini doa halikutoka. Pinki na zambarau nyingi hupakwa rangi juu ya kioo, haimo ndani ya kioo chenyewe. Tangu hapo kila fungu jipya nachukua shanga chache, nazilaza usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha nazisugua kwa kitambaa cheupe chenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikishika rangi, fungu hilo halifanyi kazi ya mteja. Shanga za Jamhuri ya Cheki ni ghali zaidi, lakini zimelingana, na sipotezi muda kuchagua zilizopinda. Nazo nazijaribu vilevile.

Kwa hereni, muulize mtu kama masikio yake huwasha. Akisema ndiyo, usimwekee waya wa bei rahisi, kwa kuwa mara nyingi una nikeli. Mwekee madini ya fedha yenye alama ya 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi, na mwambie bei inapanda kwa sababu hiyo. Wala usidanganywe na jaribio la sumaku. Fedha kweli hainaswi, lakini shaba pia hainaswi.

Watu wa huku wataleta na tanzanaiti ya Mererani wakitaka pete. Mimi huwashauri kidani. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha mawe cha 1 mpaka 10, na vumbi la kawaida lina chembe zenye ugumu wa 7, kwa hiyo jiwe la kidoleni huchakaa haraka. Moto wa kulehemu nao siusogezi karibu, maana joto la ghafla hulipasua. Nalifunga kwa waya, kwa mkono.

Kuhusu hela, tenganisha vifaa na mkono wako, yaani malipo ya kazi yako. Tuseme vifaa ni 6,000 na umekaa saa mbili, kila saa 4,000. Bei ni 14,000. Rafiki wa kweli mpunguzie kwenye ule mkono, mpe kwa 11,000, lakini vifaa alipe vyote, tena kabla hujaingia sokoni. Nilipoanza kudai kianzio, wawili walininunia, na mmoja hajarudi mpaka leo. Iliniuma, kwa sababu tulisoma wote. Lakini kabla ya hapo nilikuwa natungia watu wa "mwisho wa mwezi" kwa hela ya ada ya mtoto. Waandikie bei kwenye meseji, waikubali, ndipo ushike sindano.

Ukiniwekea hapa unene wa shanga ulizonazo na vipimo vya hao waliorudisha, nitakupigia hesabu ya kila mmoja.