Mbuni uliokatwa kisiki

Wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji tuliovuka miaka 40: "Kusudi la maisha yako kwa sasa ungelifananisha na nini, na kwa nini?" Nina miaka 49. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na swali lenu limenigusa kwa sababu nilikaa karibu mwaka mzima nikilitafutia jibu, nikakosa maneno hata ya kumwambia mume wangu.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka tisa. Kisha nikaandika barua kuomba niachie nafasi hiyo, nirudi kufundisha darasa la kwanza. Hakuna aliyenisukuma. Lakini kijijini mtu hashuki cheo kwa hiari yake, kwa hiyo wengine walisema nimeharibu hesabu, wengine wakasema naumwa na sitaki kusema. Baba watoto ni mtu mpole. Aliniuliza jioni moja nikiwa jikoni namenya ndizi: "Mama, wamekukosea nini huko shuleni?" Nikamjibu kwamba nimesikia wito. Akanyamaza. Wito ni neno zuri, lakini halikumweleza chochote, na mimi mwenyewe nililiona limeishia hewani.

Nilijaribu kuazima mifano ya watu wengine. Kwenye sherehe za kutimiza miaka 50 wasemaji hupenda kusema "sasa ni kipindi cha pili". Kipindi cha pili ni mchezo uleule na timu ileile, na kinachosikika zaidi ni saa inayokimbia. Mimi sikuwa nahesabu dakika. Wapo wanaosema jua limepita utosini, na ukishasema hivyo kinachobaki ni kungoja magharibi. Na ile methali ya jungu kuu halikosi ukoko inaheshimu wakubwa, naipenda, ila ukoko ni wa chakula kilichokwisha kuiva na kupakuliwa. Mimi nilijisikia nina chungu kipya mekoni.

Mfano wangu ulikuja Januari, msimu wa kahawa ulipokwisha.

Baba mkwe wangu ana miaka 81 na kihamba chake, lile shamba la nyumbani la kahawa na migomba, bado anakisimamia mwenyewe. Asubuhi hiyo alituita tukate mistari miwili ya mibuni ya juu, karibu na mfereji, mibuni aliyoipanda akiwa kijana. Nilipomwona anashika msumeno niliumia. Nikamwambia, "Baba, hii bado inazaa." Akasema, "Inazaa juu, mwanangu. Wewe unaifikia?"

Nikatazama vizuri. Ilikuwa kweli. Shina la kahawa likizeeka hukimbilia juu. Matawi ya chini hunyauka na kuwa matupu, majani hubaki kileleni, na buni chache zinazopatikana ni za mtu mwenye ngazi, au wa kuinamisha shina mpaka likaribie kuvunjika. Kupiga dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni, kule juu nako ni kazi ya kubahatisha. Nikamuuliza kuhusu mizizi. Akasema, "Mizizi haina ugonjwa. Ingekuwa na ugonjwa ningeung'oa. Nakata kwa sababu mizizi ni mizima."

Alikata kama sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke yasituame juu ya kidonda na kukiozesha. Unga wa mbao ulikuwa mweupe na wenye unyevu. Niliushika ukanigandia vidoleni. Kwenye kila mbuni aliacha shina moja jembamba bila kulikata. Nilidhani amechoka. Kumbe hilo huachwa lipumue kwa niaba ya kisiki, liilishe mizizi mpaka machipukizi yapate nguvu, ndipo nalo liondolewe. Na kisiki huwahi kuzaa kuliko mche, kwa sababu mche unaanza na mizizi midogo wakati kisiki kimeshajichimbia. Mche utausubiri kama miaka mitatu. Kisiki msimu wa pili kinaweza kukuonyesha kitu.

Nilikaa juu ya gogo nikalia kidogo. Pale nilijua ni mimi.

Niseme kilichonifikisha kwenye ile barua. Siku moja mtoto wa darasa la nne aliletwa ofisini kwangu kwa kosa la kuchelewa. Katika kuzungumza nikamwambia anisomee tangazo lililobandikwa ukutani, la mistari miwili tu. Alisimama akitazama midomo yangu. Alikuwa anangoja nianze kulisoma mimi, anifuatishe. Miaka minne alikuwa shuleni kwangu, jina lake nimelisaini katika kila taarifa ya mahudhurio, na sikujua kwamba hasomi. Kazi yangu ilikuwa vikao, ujenzi wa madarasa, takwimu, wageni. Ni kazi ya lazima na wapo wanaoifanya vizuri sana, nisieleweke vibaya. Lakini mimi nilikuwa nazaa juu, mahali ambapo yule mtoto hafiki.

Sasa nina watoto 78 katika chumba kimoja. Tunahesabu kwa vizibo vya soda, tunaandika hewani kwa vidole kabla ya kugusa daftari. Yupo mmoja aliyekuwa akichanganya b na d kila siku. Tulifanya hivi: akunje ngumi mbili, aziweke pamoja, vidole gumba vimesimama, aone kitanda. Kidole cha kushoto ni b, kinatangulia. Cha kulia ni d. Wiki nzima alisoma na ngumi zake mezani. Kisha asubuhi moja akasoma "baba dada" ubaoni mikono ikiwa mfukoni, akageuka kuniangalia kama nimeona. Nilikuwa nimeona. Miaka yangu 24 ya kazi yote ilikuwa chini ya dakika ile, na hiyo ndiyo ninayoiita mizizi: mwalimu mwenye umri wa miaka 25 asingejua kumngoja wiki nzima bila kumpigia kelele. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri huo nisingejua.

Mume wangu nilimpeleka kihambani. Nilimwonyesha shina refu ambalo halijakatwa, nikamwonyesha kisiki, nikamwambia, "Baba, hiki ni mimi." Alikitazama muda mrefu. Hakuniuliza tena nimekosewa nini. Aliuliza swali la mkulima: "Na utazaa lini?" Nikamwambia anipe misimu miwili. Akakubali, na siku hizi wageni wakija na kuuliza kwa sauti ya chini kuhusu ule ukuu wa shule, yeye ndiye huwajibu: "Mwalimu amekatwa kisiki." Wamachame wenzangu hucheka, kisha wanaelewa. Neno wito lilishindwa kazi hiyo.

Mbuni haulipi ada, hilo nalijua. Posho ya madaraka iliondoka na kuachia pengo, na barua yangu nisingeiandika kabla mtoto wetu wa kwanza hajamaliza chuo. Ng'ombe wangu wawili wa maziwa ndio shina lililoachwa lipumue. Nawaomba wenye umri wangu wanaofikiria kugeuka waliangalie jambo hili kwanza. Nimewahi kuona mtu akikata mashina yote siku moja kwa hasira, akaacha kazi na kila kitu, na kisiki kikakauka.

Nilichokosea mimi kilikuwa kwenye maotea, yale machipukizi ya kisiki. Masika yalipoanza, kisiki kimoja kilitoa maotea 14, nikayafurahia yote. Na kwangu ilikuwa hivyohivyo. Watu waliposikia nimeachia ofisi waliona nina nafasi: ukatibu wa kwaya, uweka hazina wa kikoba, kamati ya mfereji, twisheni ya jioni. Yote nikayapokea, yote yalikuwa mazuri na ya kijani. Kufikia Septemba nilikuwa nasinzia mbele ya watoto.

Baba mkwe huyaondoa kwa dole gumba. Hupita kisiki hadi kisiki, anabonyeza, otea linakatika. Anaacha mawili au matatu, yenye nguvu, yaliyoota chini na yasiyosongamana. "Likiwa laini halikusumbui," aliniambia. "Ukichelewa utatafuta kisu." Kwaya niliiacha ikiwa imeshakuwa ya kisu, yapo maneno tuliyoambiana ambayo bado tunayaponya. Nimebaki na darasa langu, na Jumamosi mchana nakaa na kina mama sita wanaojifunza kusoma, tukianza na majina ya watoto wao.

Sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari nikifika 55 na kunitaka nistaafu nikifika 60. Hesabu hiyo zamani ilinitia baridi. Sasa naihesabu kwa misimu ya kahawa na naiona inatosha kwa mavuno kadhaa.

Lipo otea la tatu. Nimeanza kuandika vitabu vidogo vya kusomea, kurasa nane nane, vyenye maneno ya kihamba chetu: mgomba, mfereji, ndoo, buni. Viwili vimeshonwa kwa uzi na watoto wamevichakaza tayari. Sijui kama ni otea la kuacha au la kuondoa. Limeota chini, lina nguvu, lakini liko karibu mno na lile la darasa na linanila usiku. Bado ni laini. Masika yakianza nitamwomba baba aje alitazame.