Feni ya Sola ya Paa: Tafuta Kwanza Hewa Itaingilia Wapi

Kabla hujatoa pesa zako kununua feni ya sola ya paa, ile inayotumia umeme wa jua kutoa nje hewa moto iliyo chini ya bati, panda ngazi, chungulia chini ya mabati, uone hewa itaingilia wapi. Kama haina pa kuingilia, feni itazunguka mchana kutwa na joto litabaki pale pale. Hilo ndilo ninalowaambia majirani wanaoniuliza, na huku Kamulu, pembezoni mwa Nairobi, wanaouliza ni wengi, kwa sababu watu wamejenga na kuhamia kwenye ploti zao kabla nguzo za stima hazijafika.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu haichomi kama ya Mombasa. Kinachotuchoma ni bati. Tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Januari hadi Machi, kabla mvua ndefu hazijaanza, hakuna mawingu ya kutosha kulizuia. Saa nane mchana bati halishikiki kwa mkono mtupu, na mtoto aliyelazwa chini yake anaamka shingo imelowa jasho.

Joto hilo linakufikia kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu feni inatibu moja tu. Njia ya kwanza ni hewa inayopata moto chini ya bati, ikapanda hadi mgongo wa paa, ikakosa pa kutokea. Hii feni inaiondoa vizuri sana. Njia ya pili ni bati lenyewe kukurushia joto moja kwa moja, kama unavyolisikia usoni ukiketi mbele ya moto hata upepo ukiwa unavuma. Hii feni haiigusi. Dawa yake ni dari. Kwa hiyo kama nyumba yako haina silingi na pesa zinatosha kitu kimoja, weka silingi kwanza, au tandika foili ya kuakisi joto chini ya bati na uache nafasi kati yake na bati. Hata kupaka bati rangi nyeupe kwa juu kunasaidia, na rangi haihitaji waya wala paneli. Feni ije baada ya hapo.

Sasa turudi kwenye hewa. Nyumba za makuti kule Pwani hazikuhitaji feni kwa sababu paa lenyewe linapumua, na mara nyingi kuna uwazi kati ya ukuta na paa. Sisi tulipohamia kwenye bati tuliziba kila kitu. Fundi akimaliza ukuta anajaza sementi hadi ifunike mawimbi ya bati, kwa hofu ya baridi ya Julai, panya na wezi. Hofu hizo ni za kweli, lakini nyumba imefungwa kabisa. Fundi aliyekuja kwangu alitaka kutoboa tundu moja tu la feni kule juu.

"Mama, hewa itajitafutia njia," akaniambia.

"Fundi, ikijitafutia itapitia chumbani kwangu. Nitobolee upenuni kwanza."

Alitoboa upenuni, pande zote mbili, chini kabisa ambako bati linakutana na ukuta. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wa mambo haya ni hiki: kwa kila futi za ujazo 300 ambazo feni inatoa kwa dakika, uwe na uwazi wa kuingizia hewa wa takriban sentimita 30 kwa 30. Ukiweka wavu wa kuzuia mbu na popo, ambao lazima uuweke, uwazi huo upanue mara mbili, kwa sababu nyuzi za wavu zinakula nafasi na vumbi linazidi kuziba. Gawanya uwazi huo katika matundu kadhaa madogo. Wavu usafishe kwa brashi kila msimu wa vumbi unapoisha.

Ukubwa wa feni si jambo la kukisia. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 5 yenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati, iliyoinuka mita 1.5 katikati. Nafasi iliyo juu ya silingi ni mita za ujazo 22 na ushei. Ukitaka hewa yote hiyo ibadilishwe kila baada ya dakika nne, unahitaji feni ya kusukuma kama mita za ujazo 340 kwa saa, yaani futi za ujazo 200 hivi kwa dakika. Maboksi mengi madukani yameandikwa kwa futi. Hiyo ni feni ndogo, na paneli ya wati 20 hadi 30 inaitosha. Anayekuuzia kubwa kuliko hiyo kwa nyumba kama hiyo anakuuzia pia shida ya kutafuta matundu zaidi ya kuilisha.

Betri sikushauri. Joto la bati linakuja na jua na linaondoka na jua, na paneli nayo hivyo hivyo. Ni nadra kupata kifaa ambacho umeme wake unafika saa ile ile unapohitajika. Usiku wetu ukishuka hadi nyuzi 12 au 15, matundu peke yake yanatosha. Betri ni gharama, na katika mfumo mdogo ndiyo hufa mapema. Wala usiiunganishe feni kwenye ile betri ya taa unayolipia polepole, kwa sababu itakunyima mwanga jioni watoto wakiwa na kazi ya shule.

Kuna jambo la volti ambalo watu hulipita haraka. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au 22 ikiwa haijabeba mzigo, na hata ikifanya kazi hukaa karibu na 18. Feni iliyotengenezwa kuendeshwa moja kwa moja na paneli inalivumilia hilo. Feni ya kawaida ya volti 12, ya gari au ya kompyuta, inaweza kuungua. Hiyo ipitishie kidhibiti cha volti, na weka fyuzi na swichi mahali unapofikia bila kupanda juu. Chagua mota isiyo na brashi, yaani vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota na kulika polepole, kwa sababu hakuna anayetaka kupanda paani kila mara kubadilisha brashi zilizokwisha.

Paneli nayo iinue juu ya bati kama sentimita 10. Ikilazwa juu ya bati moto inapungukiwa na nguvu, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, haina haja ya kuinama sana. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha mvua kuosha vumbi. Mimi ningeielekeza magharibi, kwa sababu joto la ndani hukolea alasiri, na hapo ndipo unaitaka feni iwe na nguvu zaidi. Ifunge kwa nati ambazo mwizi hafungui kwa spana ya kawaida.

Tundu la feni likae karibu na mgongo wa paa, katikati ya kenchi mbili, na fundi asikate mbao ya kenchi kwa sababu yoyote ile. Bati la kukinga maji liingie chini ya bati la upande wa juu na litokee juu ya bati la upande wa chini, ili maji yateleze na yasipate mdomo wa kuingilia. Silikoni ni ya kusaidia tu. Fundi anayetegemea silikoni peke yake, mvua za Aprili zitamrudisha kwako.

Kujua kama mfumo unafanya kazi ni rahisi. Saa saba mchana jua likiwa kali, washa kijiti cha udi, ukishike karibu na tundu la upenuni. Moshi ukivutwa ndani ukapotea chini ya bati, hewa inapita. Ukining'inia pale pale au ukirudi usoni mwako, kuna mahali pameziba. Fanya hivyo kwenye kila tundu. Halafu kishike chini ya silingi, hasa pembeni mwa ubao na pale waya wa taa unapopita. Moshi ukinyonywa juu hapo, ziba, kwa sababu feni inavuta hewa ya chumbani badala ya ile ya nje.

Hapo kwenye chumba ndipo ninapoomba unisikilize kwa makini. Feni hii si ya kutoa moshi wa jiko. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na makaa yaliyokolea bila moshi wowote bado yanaitoa. Julai watu hulivuta jiko ndani usiku, wakafunga madirisha, wakaziba kwa magazeti matundu yaliyo juu ya dirisha. Saa hiyo jua limekwisha kuzama na feni imelala. Na hata mchana, feni ikikosa hewa ya nje inaweza kuvuta hewa ya jiko na kuisambaza ndani. Mwenye feni na asiye na feni, wote jiko lao likae nje, na magazeti yatolewe kwenye matundu hayo.

Msimu wa baridi feni yenyewe izimwe wakati mwingi. Ndiyo maana ya ile swichi, au kidhibiti joto kinachoiwasha hewa ya darini ikifika nyuzi 30. Lakini usiizime moja kwa moja hadi Septemba. Mvuke wa kupikia na wa pumzi zetu hupanda usiku, ukagusa bati baridi, ukageuka maji yanayodondokea silingi. Yale madoa meusi yanayoanza pembeni mwa ubao mara nyingi ni unyevu huo, si paa kuvuja. Jua likitoka, washa feni hadi saa sita, juu pakauke.

Ukienda kununua Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi, au kwingineko mjini, beba vipimo vya nyumba yako kwenye karatasi, na uombe feni iunganishwe na paneli ile ile utakayouziwa, nje, juani, kabla hujalipa. Isikilize inavyoanza jua likifichwa na wingu kisha likirudi. Inayokwama hadi isukumwe kwa kidole iache dukani.